Ukiulizwa kama mashine ya Geneva itaimaliza dunia, usianze kwa kucheka

Karibu kila mwaka, masika yakikaribia, kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: ile mashine kubwa ya wazungu kule Geneva inawashwa tena, safari hii itafungua shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi cha kumeza kila kilicho karibu, tuombe. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, kwa hiyo ujumbe huo ukifika kwenye kundi la ukoo lazima mtu anitaje: "Mwalimu, hili likoje?" Nimeshalijibu swali hilo darasani, msibani na hata kwenye daladala. Nina maoni yangu kuhusu namna ya kulijibu, na ninayaandika kwa ajili ya walimu wenzangu, wazazi, na yeyote aliyegeuzwa mtaalamu wa familia kwa sababu tu alichukua mchepuo wa sayansi.

Kwanza hilo la kuwashwa tena. Mashine inayosemwa inaitwa LHC na iko kwenye CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Kwa kawaida husimamishwa wakati wa baridi ya Ulaya ili ifanyiwe matengenezo, kisha hurudishwa kazini kati ya Machi na Aprili. Kuwashwa kwake si habari mpya. Julai 2022 kelele zilizidi kwa sababu ilikuwa inarudi baada ya mapumziko ya zaidi ya miaka mitatu, ikiwa na nishati kubwa kuliko awali, na TikTok ikajaa video za milango ya kuzimu. Mtu akijua tu kwamba mashine hii imewashwa na kuzimwa tangu 2008, mapigo ya moyo yanashuka kidogo. Kwa hiyo mimi huanza hapo, kabla ya fizikia yoyote.

Halafu namweleza ilivyo. Ni mtaro wa duara chini ya ardhi, mzunguko wake kilomita 27, kina chake kwa wastani mita 100 hivi. Ndani yake protoni, chembe ndogo zinazopatikana kwenye kiini cha atomu, zinazungushwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga, nyingine zikienda upande huu na nyingine upande ule, kisha zinagonganishwa. Nishati ya protoni moja humo ni kama ya mbu anayeruka. Ajabu yake ni kwamba nishati hiyo imebanwa kwenye kitu kidogo kuliko mbu mara mabilioni kwa mabilioni, na hapo ndipo chembe mpya zinapojitokeza.

Sasa, kucheka. Najua inavyokuwa: umetoka kusahihisha madaftari, umechoka, mtu anakutumia video yenye muziki wa kutisha na mishale myekundu. Zuia kicheko. Swali lenyewe lina heshima yake, maana wanafizikia ndio waliokuwa wa kwanza kuliuliza. Mwaka 1942, Marekani ilipokuwa inaanza kutafuta bomu la atomiki, Edward Teller aliwauliza wenzake kama joto la mlipuko halingeweza kuwasha naitrojeni iliyo hewani na kuunguza anga lote la dunia. Hawakumcheka. Hans Bethe alikaa akapiga hesabu, akaona haiwezekani. Hata hivyo, usiku wa kuamkia jaribio la kwanza la bomu hilo, lililoitwa Trinity, Julai 16, 1945, Enrico Fermi alikuwa anawachokoza wenzake kwa kuwaalika waweke dau kama anga litawaka au la, na likiwaka, ni jimbo la New Mexico walikokuwa peke yake au dunia nzima. (Utani wa wanafizikia, msijaribu msibani.) Mwaka 1999 hofu ilirudi kuhusu mashine nyingine ya kugonganisha chembe, ya kituo cha Brookhaven kilichoko Long Island, Marekani, na mkuu wa kituo hicho aliunda jopo la wanafizikia wachunguze. CERN nao walifanya hivyo hivyo, wakatoa ripoti mwaka 2003 na nyingine 2008. Kwa hiyo shangazi yako anayeuliza kwenye kundi anauliza kitu ambacho watu wenye akili timamu walilipwa mshahara kukijibu.

Kuna sababu nyingine ya kutocheka, na hii ni nzito. Septemba 2008, mashine ilipokuwa inawashwa kwa mara ya kwanza, vyombo vya habari viliripoti kwamba binti wa miaka 16 huko Madhya Pradesh, India, alijiua baada ya kutazama vipindi vya televisheni vilivyokuwa vikisema dunia inaweza kuisha. Siku ile ambayo watu waliambiwa ni ya mwisho, Septemba 10, hata mgongano mmoja haukupangwa kufanyika. Protoni zilizungushwa tu kujaribu njia. Tangu nilipoisoma habari ile sijawahi kumjibu mwanafunzi "acha upuuzi". Huwezi kujua anayeuliza amelala saa ngapi jana.

Basi ujibu nini? Wengi wetu tunakimbilia hapa: "Wanasayansi wamepiga hesabu, wamesema ni salama." Mimi sipendi jibu hilo, na nina ushahidi dhidi yake. Machi 1, 1954, kwenye kisiwa cha Bikini katika Visiwa vya Marshall, Marekani ililipua bomu la haidrojeni waliloliita Castle Bravo. Hesabu zilisema nguvu yake ingekuwa kama megatoni 6, yaani sawa na tani milioni 6 za baruti ya TNT. Ikawa 15. Walidhani aina moja ya lithiamu iliyokuwa ndani, lithiamu-7, ingekaa tu bila kufanya kitu. Kumbe nayo ilichangia mlipuko. Vumbi lenye mionzi liliwaangukia watu wa Rongelap, na likawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa baharini katika chombo chao. Mmoja wao alifariki mwezi Septemba mwaka huohuo. Waliokosea hawakuwa vilaza. Walikuwa miongoni mwa wanafizikia bora wa zama zao, na hesabu ilikuwa na kitu kilichosahaulika. Kwa hiyo mtu akiniambia "lakini wataalamu huwa wanakosea", namwambia ndiyo, wanakosea, na ninaweza kukutajia tarehe.

Hapo ndipo ninapomtoa kwenye karatasi za wataalamu na kumpeleka juu, angani. Kutoka anga za mbali, chembe zenye nishati kubwa sana zinaipiga dunia mchana na usiku, na zimefanya hivyo tangu dunia iwepo. Tunaziita miale ya kosmiki. Zinagonga hewa iliyo juu yetu kama vile protoni zinavyogongana Geneva. Oktoba 1991, chombo cha uchunguzi kilichokuwa jangwani Utah, Marekani, kilinasa chembe moja yenye nishati inayozidi ya protoni ya LHC zaidi ya mara milioni 40. Hata ukikumbuka kwamba iligonga hewa iliyotulia, jambo linalopunguza ukali wa mgongano, bado mgongano wake ulizidi ule wa LHC takribani mara 50. Ukijumlisha migongano ya namna hiyo iliyoipata dunia tangu mwanzo, inatosha kuwa majaribio mazima ya LHC, tangu kuwashwa hadi kustaafishwa, yaliyorudiwa mara laki moja au zaidi. Na hiyo ni dunia tu. Jua ni kubwa zaidi na limepigwa zaidi, na asubuhi bado linachomoza.

Angalia tofauti. Hapa simwombi mtu aamini hesabu ya mtu fulani mwenye koti jeupe. Namwomba atazame kwamba jaribio lenyewe limeshafanyika, limefanyika mara nyingi mno, na matokeo yake ni kwamba sisi tupo tunabishana. Kama kuna nafasi ya maelezo mamoja tu, toa haya.

Lakini uwe tayari, maana mwanafunzi mwerevu atakubana. Aliwahi kunibana kijana mmoja wa kidato cha sita, na nilifurahi. Alisema: miale ya kosmiki inakuja kwa kasi na kugonga kitu kilichotulia, kwa hiyo chochote kinachozaliwa kinaendelea na safari, kinapenya dunia na kutokomea. Geneva chembe zinagongana uso kwa uso, kwa hiyo kinachozaliwa kinaweza kuwa cha polepole, kikanaswa na mvutano wa dunia, kikabaki humu humu kinatula taratibu. Hoja nzuri kabisa. Wanafizikia wawili, Steven Giddings na Michelangelo Mangano, waliichukua kwa uzito mwaka 2008 na wakaenda kutafuta jibu kwenye nyota. Kuna nyota zilizokwisha kuzeeka, vibete vyeupe, ambazo uzito unaokaribia wa Jua umeshindiliwa kwenye umbo la ukubwa wa dunia. Kuna nyota za nyutroni, zilizoshindiliwa zaidi hata ya hapo: uzito unaozidi wa Jua ndani ya mpira wa kilomita 20 hivi. Miale ya kosmiki inazipiga nazo. Shimo jeusi dogo ambalo lingezaliwa humo lisingeweza kupenya na kwenda zake; ushindilifu ule ungelisimamisha, na lingeanza kuila nyota. Basi nyota hizo zisingekuwepo. Zipo, nyingine zina umri wa mabilioni ya miaka.

Utaona sijasema kitu kuhusu nadharia ya mwanafizikia Stephen Hawking, kwamba mashimo meusi madogo huyeyuka yenyewe mara moja. Naiamini. Ila hakuna aliyewahi kuona shimo likiyeyuka, kwa hiyo naiweka mwisho, kama nyongeza. Mtu mwenye hofu ukimpa nadharia ambayo haijaonwa, atakuuliza "na ikiwa si kweli?", mtarudi mlipoanza.

Kitu kingine ambacho hakisaidii ni kesi za mahakamani. Machi 2008 Walter Wagner na Luis Sancho walifungua kesi Hawaii wakitaka mashine isiwashwe, na mnamo Septemba ikatupwa. Usiitumie kama ushahidi wa usalama. Jaji alisema mahakama yake haina mamlaka juu ya jambo lile, fizikia hakuigusa. Jambo moja tu la kujifunza kwenye sakata lile ni la namna watu wanavyopima uwezekano. Mwaka uliofuata Wagner alihojiwa kwenye kipindi cha vichekesho cha Marekani, akatoa hoja kwamba jambo ama litatokea au halitatokea, kwa hiyo uwezekano ni nusu kwa nusu. Watu walicheka sana, lakini hoja hiyohiyo naisikia kila wiki kwa watu wanaocheza mikeka.

Kwa sababu hiyohiyo, chunga maneno yako mwenyewe. Mwanasayansi mwaminifu hapendi kusema "haiwezekani kabisa". Atasema "uwezekano ni mdogo mno". Mtu wa kawaida anasikia "kumbe upo". Mimi nasema wazi: haitatokea. Nikiwa na muda naeleza kwa nini wanafizikia wanaongea kwa tahadhari. Nikiwa kwenye daladala, sielezi.

Kuhusu sanamu ambayo watu huniuliza kama ni ishara ya kiyama: ndiyo, kwenye viwanja vya CERN kuna sanamu ya Shiva, mungu wa Wahindu, akicheza, ilizinduliwa Juni 2004. Ni zawadi ya serikali ya India, ambayo wanasayansi wake wanashirikiana na kituo hicho. Kuhusu kiyama, siingii. Anayeamini kwamba mwisho wa dunia uko mkononi mwa Mungu namwambia basi auache huko huko, asiukabidhi kwa mafundi wa Uswisi. Na hao mafundi wana shida zao za kawaida. Siku tisa tu baada ya kuwasha, Septemba 19, 2008, kiungo kibovu cha umeme kati ya sumaku mbili kilileta hitilafu, tani kadhaa za heliamu zikavuja, na mashine ikalala zaidi ya mwaka. Hakuna aliyeumia. Aprili 2016 mnyama mdogo wa jamii ya kicheche aliingia kwenye transfoma akasababisha shoti ya umeme, mashine ikazimika, naye akafa palepale. Habari hizi huwasaidia watu kuliko unavyodhani.

Kwa watoto, usiwape mhadhara. Nawaambia wanyooshe kiganja, wakilaze kikitazama juu, kisha wahesabu polepole moja, mbili, tatu. Kwa wastani, karibu kila sekunde chembe moja iliyozaliwa na miale ya kosmiki inapita kwenye kiganja hicho. Wanakaa kimya, wanakitazama, halafu wanaanza kubishana nani amepitiwa na ngapi. Mtoto ambaye bado hapati usingizi baada ya siku kadhaa hana tatizo la fizikia. Mnyang'anye simu usiku, kaa naye, na ikibidi mpeleke kwa mshauri.

Utajuaje kama jibu lako limeingia? Swali linabadilika. Mama mdogo wangu, ambaye ana duka la dawa na hakosei hata shilingi, alisoma maelezo yangu yote kuhusu nyota na miale, akakaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Sawa. Na imegharimu kiasi gani?" Nikamwambia mabilioni ya faranga za Uswisi. Akauliza wamepata nini. Nikamtajia chembe ya Higgs, iliyotangazwa Julai 4, 2012. Nikamwambia pia kwamba tovuti tunazofungua kwenye simu zilibuniwa hapo CERN na Tim Berners-Lee mwaka 1989, ingawa hiyo ni kabla ya mashine hii. Hakuridhika na mahesabu hayo hata kidogo. Tulibishana bei hadi saa nne usiku, na neno kiyama halikutajwa tena.