Barua kwa mwanangu: Kura za Humphrey

Mwanangu Jabiri,

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini Hubert Humphrey, makamu wa Rais Lyndon Johnson, alishindwa na Richard Nixon mwaka 1968, na kama mjomba wako Salum ana haki anapomwita mtu wa kuitikia “ndiyo bwana”. Matokeo unayajua: Nixon asilimia 43.4, Humphrey 42.7, na mgombea wa tatu, George Wallace, 13.5. Lakini kabla ya kuuliza aliukosaje urais, uliza kwanza alikuwa na nini mkononi hata kabla hajawa makamu. Mwanasiasa hupimwa kwa kura alizozikusanya, si kwa kiti alichopewa. Nimekuambia tangu uko sekondari na leo narudia.

Mwaka 1964 Humphrey alikuwa seneta wa Minnesota na mnadhimu wa Democrats, waliokuwa wengi katika Seneti. Mswada wa Haki za Kiraia, wa kupiga marufuku ubaguzi wa rangi, ulikuwa umepita Baraza la Wawakilishi tarehe 10 Februari kwa kura 290 dhidi ya 130, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kuuvusha Seneti. Huko miswada ya namna hiyo ilikuwa ikifia njiani, maana seneta aliruhusiwa kusema hadi achoke, na mwenzake akapokea. Dawa ilikuwa moja tu, hoja ya kufunga mjadala, nayo ilidai theluthi mbili: wakihudhuria wote 100, kura 67. Tangu kanuni hiyo iwekwe mwaka 1917, hakuna mswada wa haki za kiraia uliokuwa umefikisha.

Sasa tazama mtego wenyewe, maana vitabu vingi huupita mbio. Richard Russell wa Georgia na wenzake wa Kusini, waliopinga mswada, waligawana zamu za kuhutubia. Wao walihitaji watu wawili watatu tu ukumbini: mmoja wa kusema, mwingine wa kusimama ghafla na kudai akidi, yaani idadi ya chini ya maseneta wa kuendesha kikao, ihesabiwe. Humphrey alihitaji watu 51 walio karibu, mchana na jioni. Wasipotimia, kikao kinaahirishwa, siku ya kibunge inaanza upya, na kila msemaji aliyekwisha maliza hotuba mbili anazoruhusiwa kwa siku anapata mbili nyingine. Ndiyo maana upande wake ulikuwa ukikatiza kikao kwa mapumziko bila kukiahirisha, ili siku ileile ya kibunge iendelee wiki baada ya wiki. Pamoja na Thomas Kuchel, Republican wa California, alipanga orodha ya zamu, akampa kila seneta msaidizi sura yake ya mswada ya kuitetea, na kila siku wakatoa karatasi ya kujibu hoja za Kusini.

Hata hivyo Democrats wenyewe wasingetosha, maana karibu maseneta wote wa Kusini walikuwa wa chama chao. Kura zilizobaki zilikuwa kwa Everett Dirksen wa Illinois, kiongozi wa Republicans. Humphrey alimsifu hadharani na kukutana naye ofisini kwa Dirksen badala ya kumwita kwake. Akakubali pia marekebisho yake: penye sheria ya jimbo dhidi ya ubaguzi kazini, jimbo lipewe nafasi kwanza kabla ya serikali kuu kuingia. Wapo waliosema anauza mswada. Hakuuuza! Alikuwa ananunua kura.

Tarehe 10 Juni asubuhi, Robert Byrd wa West Virginia alimaliza hotuba ya saa 14 na dakika 13. Kisha majina yakaitwa. Clair Engle wa California aliletwa kwenye kiti cha magurudumu. Uvimbe wa ubongo ulikuwa umemnyang'anya sauti, akaelekeza mkono kwenye jicho lake, ikahesabiwa ndiyo. Ikawa 71 kwa 29: Democrats 44, Republicans 27. Juni hiyohiyo mwana mmoja wa Humphrey alikuwa akifanyiwa upasuaji wa saratani, baba yake akabaki Washington mpaka mswada ulipopita tarehe 19. Mimi ni mzazi, na hapo kila mara moyo hunisimama.

Halafu, Januari 1965, akayaacha yote hayo kwa umakamu. Makamu huongoza vikao vya Seneti lakini hapigi kura ila zikifungana. Kwa miaka minne zilifungana mara nne. Mengine yote ni hisani ya rais. Tarehe 17 Februari 1965 alimwandikia Johnson waraka wa kumsihi asitanue vita vya Vietnam, akimweleza kwamba mwaka ule, baada ya ushindi mkubwa, ndio uliokuwa na hatari ndogo zaidi kisiasa ya kujitoa. Johnson alimweka nje ya vikao vya vita kwa karibu mwaka mzima. Mwaka 1966 akatumwa Asia, akarudi akivitetea vita vilevile.

Hapo Salum hunishika, na sina pa kukwepea. Lakini angejiuzulu, nani angemsikiliza? Nasema hivyo, kisha naukumbuka mkutano mkuu wa Democrats wa kuteua mgombea, Chicago, Agosti 1968: alikuwa na maneno ya maridhiano kuhusu Vietnam tayari, Johnson akayakataa, naye akayaacha. Hoja ya amani ikaanguka kwa kura 1,567¾ dhidi ya 1,041¼. Alipothubutu kusema atasimamisha mabomu, pale Salt Lake City tarehe 30 Septemba, zilibaki wiki tano tu, na bado nusura ampate Nixon. Angesema mwezi mmoja mapema... Lakini wajumbe wengi walikuwa mikononi mwa Johnson, na labda asingeteuliwa kabisa. Nazunguka hapohapo miaka yote. Woga? Neno hilo sitalitia kalamuni, ingawa kuna siku limenifika kwenye ncha ya ulimi.

Kura za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais zilipohesabiwa Januari 1969, kiti cha kuongoza kikao kilikuwa chake kwa haki, akiwa makamu. Alikuwa Norway kwenye maziko ya Trygve Lie, katibu mkuu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa, na aliyeongoza kwa niaba yake alikuwa Richard Russell, yuleyule aliyeupinga mswada wake.

Utafute ule waraka wa Februari 1965 uusome wote, usiishie kwenye dondoo, kisha umjibu mjomba wako mwenyewe. Wasalimie wajukuu zangu.

Mama yako