Upole kazini, nyumbani na kanisani: majibu kwa wasomaji

Ninasimamia mafundi ujenzi. Nikisema kwa upole wananiona mnyonge na kazi inalala. Mkristo afanyeje?

Upole haukuzuii kusema kwamba ukuta umepinda na ubomolewe. Unachokuzuia ni kumtukana fundi mbele ya saidia fundi wake. Bwana Yesu alipopigwa kofi mbele ya Kuhani Mkuu hakunyamaza, bali alimtaka aliyempiga aonyeshe kosa liko wapi (Yohana 18:23). Mtazame pia mfalme Rehoboamu, mwana wa Sulemani, katika 1 Wafalme 12: wazee walimshauri awajibu watu kwa maneno mazuri, naye akawafuata vijana wenzake, akatamba kwamba baba yake aliwapiga kwa mijeledi lakini yeye atawapiga kwa nge. Makabila ya kaskazini yakamwacha siku zile zile, na msimamizi wa shokoa, yaani kazi za kulazimishwa, aliyemtuma kwao akapigwa mawe hadi kufa. Kwa hiyo, anayedhani kwamba ukali ndio unaolinda cheo asome sura hiyo yote.

Huwa namfokea dada wa kazi, kisha usiku natubu. Je, yatosha?

Hayatoshi, kwa kuwa aliyeumizwa hajasikia toba hiyo. Mathayo 5:23-24 inamwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, akapatane kwanza na ndugu yake. Mwombe radhi binti huyo kwa maneno yaliyo wazi, bila kuongeza "lakini na wewe umezidi", nyongeza ambayo sisi watu wazima tunaipenda mno. Kisha uangalie ratiba yake: anayeamka saa kumi alfajiri kuwaandalia watoto uji, na kula wa mwisho saa nne usiku, ataunguza wali hata akiwa makini kiasi gani.

Mzee mmoja amenishambulia katika kundi la WhatsApp la jumuiya. Nimjibu?

Usimjibu usiku huo, wala mbele ya kundi. Mpigie kesho, umwamkie kama kawaida, ndipo umuulize kilichomkera.

Mwanakwaya wetu amepata ujauzito kabla ya ndoa, na wenzangu wanataka atangazwe ibadani. Tukimhurumia, hatufichi dhambi?

Taratibu za nidhamu anazisimamia mchungaji wenu, nami sitaziingilia. Hata hivyo, Wagalatia 6:1 inataka aliyekosa arejezwe kwa roho ya upole, huku anayemrejeza akijiangalia nafsi yake asije akajaribiwa. Na Mathayo 18:15 inaanzia kwa watu wawili wakiwa peke yao, si kwenye kipaza sauti. Nina maswali kwa hao wenzako. Nani kati yao amekwenda kumwona, akamuuliza kama ameanza kliniki na kama nyumbani kwao bado anapokewa? Na yule kijana aliyehusika, ambaye huenda Jumapili anaimba besi katika kwaya hiyo hiyo, mbona hakuna aliyependekeza atangazwe? Wakishindwa kujibu, waahirishe tangazo na wateue mama mmoja anayeaminika aende kwake wiki hii, bila daftari la mahudhurio wala agizo la kurudisha sare.