Kabla Hujagusa Brashi

Vijana wanaopita kibandani kwangu hapa Mji Mkongwe, Bagamoyo, wakitaka kujifunza kuchora wanyama, karibu wote huanza na rangi. Rangi gani, brashi namba ngapi. Nami nawauliza: gamba umelikausha siku ngapi? Hapo wanatazamana.

Magamba ya mgomba, ninayoyabandika kwa gundi juu ya mbao yawe picha, ndiyo malighafi yangu kuu. Mkungu ukishakatwa, shina halina kazi tena, na mwenye shamba atakupa bure au kwa soda moja. Bandua yale ya nje yaliyojikaukia yenyewe. Shina moja tu lina rangi chungu nzima, kuanzia manjano ya nyasi kavu hadi kahawia inayokaribia weusi, na ukiwa na jicho utaona mgongo wa nyati umekwisha kuchorwa kabla hujafika. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, anika kivulini. Juani yatajikunja kama sigara. Kisha yalaze chini ya ubao na mawe, wiki nzima.

Mkono utakudanganya. Gamba likiguswa ni kavu, kumbe ndani, kwenye vile vyumba vyake vidogo kama sega la nyuki, bado kuna maji. Kata kipande, kitie kwenye chupa tupu ya jemu, kaza mfuniko, iache juani hadi adhuhuri. Kioo kikitoka jasho kwa ndani, rudisha gamba kivulini.

Kipimo hicho nilikilipia. Masika moja nilipata oda ya picha 12 za hoteli, tarehe ikanibana, nikabandika magamba ya siku nne. Hazikumaliza mwezi ukutani. Tembo wangu waliota ukungu wa kijani masikioni. Nikarudisha hela yote, na gundi na mbao nikala hasara mwenyewe. Siku hizi Machi hadi Mei sibandiki gamba jipya. Natumia akiba ya kiangazi.

Ngozi ya mbuzi nayo ina tabia zake. Wapiga ngoma wa hapa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa na utamaduni, huziotesha moto ngoma zao kabla ya kupiga, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na kulegea. Picha yako ya ngozi italegea vilevile, kisha ikaze, kisha ilegee. Kwa hiyo tumia rangi ya akriliki, inanyumbuka nayo. Wengi hung'ang'ania rangi ya mafuta kwa kuwa Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa picha za Tingatinga, alichorea rangi ya baiskeli, ambayo nayo ni ya mafuta. Sawa, lakini yeye alichora juu ya masonaiti, ubao usiocheza. Juu ya ngozi rangi hiyo itapasuka nyufa.

Vifuu vya nazi vinauzika haraka, ila mimi sivipendi. Ukipiga msasa, funika pua na mdomo.

Sasa mnyama mwenyewe. Miaka miwili nilichora twiga kwa kuiga picha za wenzangu, mpaka mwongoza watalii mmoja wa Hifadhi ya Saadani akasimama mbele ya meza yangu akicheka. "Kaka, huyu twiga wako anatembea kama mbuzi." Twiga akitembea, mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja huenda karibu pamoja, ndiyo maana anaonekana kama anayumba. Wangu wote walikuwa wakikanyaga kimkingamo. Nikajichanga, nikaenda hifadhini na daftari, nikakaa nikitazama miguu tu. Na chui msimfanye duma: chui ana mabaka yaliyojipanga kama maua, duma ana vidoti vizima na mstari mweusi kama chozi unaoshuka kutoka jichoni hadi mdomoni. Mteja aliyetoka Serengeti jana yake hatakusamehe hilo.

Kuna atakayekushauri upambe fremu kwa miiba ya nungunungu, au uchore juu ya yai la mbuni. Kataa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inavihesabu hivyo kuwa nyara, na ukikutwa navyo bila kibali ni kesi. Ngozi iwe ya mbuzi wa buchani. Mtalii wa Australia akikuuliza kama gamba lina wadudu, usimwone msumbufu. Kwao mizigo yenye vitu vya mimea hukaguliwa mpakani, na kipande chenye udongo au tundu la mdudu kinaweza kuzuiwa.

Bei pangeni kwa siku zote za kazi, zikiwemo zile ambazo gamba limelala chini ya mawe. Mimi zamani nilihesabu saa za brashi tu, nikawa nauza kwa hasara huku nikijisifu nina wateja.

Na nyuma ya kila picha andika kwa kalamu: gamba la mgomba, Bagamoyo, mwezi na mwaka uliolibandika. Mteja akirudi na malalamiko, igeuze kwanza usome mwezi.