Nimelipia Biti 24, Nimepewa Nini?

*Maswali ya wasomaji, majibu ya fundi wetu wa sauti, Lubumbashi*

SWALI. Jambo Papa Fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Katuba. Marehemu baba alipenda sana rumba na gitaa la Katanga, na tangu alipotuacha nimekuwa nikikusanya upya nyimbo alizokuwa akisikiliza. Mwezi uliopita nilinunua kwenye intaneti albamu moja ya rumba ya zamani. Waliandika: FLAC (faili linalobana muziki bila kutupa kitu), biti 24, kilohezi 96, sauti ya studio. Nililipa dola 22, na mega za kuipakua nilizinunua mara mbili maana umeme ulikatika kazi ikiwa katikati. Nimeisikiliza kwa hedifoni nzuri za shemeji, lakini naona ni ileile niliyokuwa nayo zamani kwa MP3. Masikio yangu ndiyo mabovu, au nimeibiwa? Nimewaachia ofisini kwenu flashi yenye wimbo mmoja.

JIBU. Masikio yako ni mazima, mwalimu. Flashi imenifikia, wimbo nimeufungua, na nilichokiona utakiona hata wewe kwa macho yako, kwenye kompyuta yoyote, bila kutoa franka hata moja.

Kuna programu ndogo ya bure inayoitwa Spek. Ukiliburuta faili na kuliachia ndani yake, inakuchorea picha ya sauti. Dakika zinakwenda kutoka kushoto hadi kulia, masafa yanapanda kutoka chini hadi juu. Besi utaiona chini kabisa, mwimbaji juu yake kidogo, na juu zaidi ndipo penye matoazi na ule mng'aro wa nyuzi za gitaa. Penye sauti nyingi rangi zinawaka, pasipo na sauti panabaki peusi. Faili la kilohezi 96, yaani lililopima sauti mara elfu 96 kwa sekunde, lina uwezo wa kubeba masafa hadi kilohezi 48, kwa sababu uwezo ni nusu ya namba iliyoandikwa. CD, iliyoingia sokoni 1982, ni ya kilohezi 44.1, kwa hiyo yenyewe inaishia 22 na kidogo. Sikio la kijana linafika kama 20. Sisi wenye mvi hatufiki huko.

Sasa wimbo wako. Unapanda vizuri hadi kilohezi 16, halafu unakatika. Sisemi unafifia, unakatika: mstari ulionyooka kutoka sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, hata pale sebene inapochemka na mpiga ngoma anayagonga matoazi kwa nguvu zake zote. Toazi halijui kusimama penye 16. Ukilipiga, sauti yake inaruka juu na kufifia polepole, na kwenye picha nzuri utaona kila pigo limeacha mstari mwembamba unaopanda. Katika wimbo wako mistari hiyo yote imekatwa vichwa kwa urefu mmoja. Kutoka hapo hadi 48 ni weusi mtupu, yaani theluthi mbili za picha hazina kitu.

Mkato wa namna hiyo, mahali hapo, ni alama ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. MP3 inapungua ukubwa kwa kutupa yale inayodhani sikio halitayatafuta, na masafa ya juu ni ya kwanza kutupwa. Zile za kilobiti 320 hufika karibu na 20 kabla ya kukatika. Kilichotupwa hakirudi. Mtu akichukua MP3 hiyo, akaigeuza kuwa FLAC na kuipandisha hadi kilohezi 96 na biti 24, kompyuta itamtii bila swali. Ni sawa na kumimina lita tano za maji katika bidoni ya lita ishirini. FLAC yenyewe haina kosa. Inatunza kwa uaminifu kila ilichopewa, na hapa ilipewa MP3.

Kwa hiyo ndiyo, umeuziwa kitu ambacho sicho. Na hukulipa dola 22 peke yake. Muziki wa biti 24 kwa kilohezi 96, kabla haujabanwa, unakula megabaiti 34 na nusu kwa kila dakika. Wa CD unakula kama 10 na nusu, na MP3 ya kilobiti 320 inakula mbili na kidogo. FLAC inabana, tena faili lenye weusi mwingi linabanika zaidi, lakini bado umenunua mega za kusafirisha hewa. Katika mji ambamo mtu anahesabu mega zake kabla ya kufungua simu, hilo linanikera kuliko bei ya albamu.

Hata hivyo, usimwite kila mwuzaji mwizi kwa kuona picha moja. Picha zinasomwa, na kusoma kunataka subira.

Ukiona mkato ulionyooka penye 22, katika faili linalojiita la 96, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni CD iliyopandishwa. Sauti inaweza kuwa safi kabisa, ila umelipia namba. Mkato ukiwa penye 24, huenda studio ilirekodi kwa kilohezi 48, jambo la kawaida sana, na mtu wa mauzo akavimbisha baadaye. Hapo muziki ni wa kweli, bei ndiyo ya uongo.

Kanda halisi ya studio haikatiki. Ikihamishwa vizuri kwa 96, utaona muziki unafifia kidogo kidogo, na juu yake ukungu mwembamba unaoendelea kupanda: huo ni ule mvumo wa kanda yenyewe. Nimehamisha kanda nyingi za redio, na ukungu huo ukiuona unafurahi, maana unajua hapo katikati hakukupita MP3. Wakati mwingine utakuta pia mstari mmoja mwembamba, umelala karibu na kilohezi 15.6, haucheki wala haulii, upo tu tangu mwanzo hadi mwisho. Huo ni wa televisheni za zamani: palikuwa na skrini inayowaka karibu na vifaa siku ya kurekodi, nayo ikaacha alama yake. Sio dosari ya faili. Mimi huuona kama ushahidi mdogo kwamba ile kanda ilikuwa mahali fulani, siku fulani, pamoja na watu.

Kuna picha nyingine inayowachanganya watu: muziki unafifia kabla ya 25 hivi, halafu ukungu mzito unaanza kukua kadiri unavyopanda. Faili la namna hiyo mara nyingi limetoka kwenye DSD, mfumo wa zile diski za SACD, ndugu wa CD wa kiwango cha juu, zilizoanza kuuzwa 1999. Mfumo huo unasukuma makelele yake juu, mahali tusipoyasikia. Ni halali, lakini asikuambie mtu kwamba ule ukungu ni muziki. Na mlaghai mwenye akili anaweza kuongeza makelele kidogo juu ili weusi usionekane. Kwa hiyo tafuta matoazi. Makelele ya kubandika hayapandi na kushuka pamoja na mpiga ngoma.

Kuhusu biti nitasema kwa kifupi. Biti 16 zinaweza kutenganisha sauti kubwa kabisa na ndogo kabisa kwa desibeli 96 hivi, na kanda za rumba za enzi ya baba yako hazikufika hapo. Biti 24 zinamsaidia sana fundi akiwa kazini, msikilizaji wa kanda za zamani hazimwongezei kitu.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, mwalimu, kwa sababu umeandika kwamba unatafuta pia gitaa la Katanga. Chukua mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, enzi ya wakoloni. Nyimbo hizo zilitoka kwenye santuri za mizunguko 78. Juu ya kilohezi 10, santuri ya aina hiyo inakupa mkwaruzo zaidi kuliko gitaa. Fundi anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuihamisha kwa 96, kwa kuwa mikwaruzo inaonekana wazi zaidi na ni rahisi kuiondoa bila kuugusa muziki. Lakini wewe unayenunua, usiulize kilohezi. Uliza walichukua santuri gani. Ilikuwa nakala iliyochakaa ya mtu binafsi, au waliifuata kwenye hifadhi? Mkusanyiko wa Tracey upo katika maktaba aliyoianzisha 1954, International Library of African Music, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Je, sindano ilikuwa ya saizi inayofaa santuri za 78? Kasi ilirekebishwa, au gitaa limepanda nusu noti na Mwenda anaimba kama kijana aliyekimbizwa? Hayo utayasikia kwa hedifoni yoyote, na hakuna picha ya Spek itakayokuonyesha.

Wenye biashara hii walijua tangu zamani kwamba chimbuko ndilo swali. Mwaka 2014 makampuni ya muziki na vyama vya vifaa vya sauti huko Marekani walikubaliana maana ya sauti ya kiwango cha juu, wakaweka alama nne za kuonyesha ilikotoka: MQ-P kwa rekodi ya kidijiti iliyozidi CD, MQ-A kwa kanda ya analogi, MQ-D kwa DSD, na MQ-C kwa kile kilichotoka kwenye CD tu. Unaona? Wao wenyewe waliitengea CD alama yake, ili mnunuzi ajue. Alama hizo zingeandikwa kwenye kila ukurasa wa mauzo, barua yako isingekuwepo.

Nikikupa maoni yangu kama mdogo wangu: faili la kiwango cha CD lililohamishwa kwa uangalifu kutoka kanda ya kwanza nitalilipia kwa furaha kabla ya lile la kilohezi 192 ambalo hakuna anayesema limetoka wapi. Angalia pia kama fundi wa pili, yule aliyeandaa rekodi kwa mauzo, hakuisukuma sauti hadi mwisho wa uwezo. Fungua wimbo kwenye programu ya Audacity, nayo ni ya bure: mawimbi yakiwa na vilele vinavyopanda na kushuka, muziki unapumua. Yakiwa yamekatwa juu na chini kama ukuta, hata biti 24 hazitakurudishia mapigo ya ngoma.

Sasa mwandikie mwuzaji. Usimtukane. Mtumie picha ya Spek, mwambie wimbo gani, mwonyeshe mkato wa 16, na umwulize chimbuko la rekodi ni nini. Mwombe ama faili sahihi, ama dola zako. Pengine duka lenyewe halijui, lilipokea hivyo kutoka kwa aliyelileta, na picha yako itawasaidia wateja wengine. Safari nyingine nunua wimbo mmoja kwanza, uutazame, ndipo uchukue albamu nzima.

SWALI. Papa, kaka yangu anauza nyimbo kwenye flashi hapa Kadutu, Bukavu. Anasema mafaili yake yote ya FLAC ameyapima, kompyuta ikajibu «ok». Si inatosha?

JIBU. Haitoshi, na mwambie kaka kwa upole. Ndani ya kila FLAC kuna namba ya ukaguzi iliyowekwa siku faili lilipotengenezwa. Kipimo chake kinalinganisha sauti na namba hiyo. Kikisema «ok», maana yake ni kwamba hakuna kilichoharibika tangu siku hiyo: upakuaji ulikamilika, flashi haijaoza. Kwa hilo ni kipimo kizuri, aendelee nacho. Lakini MP3 iliyogeuzwa FLAC jana itapata «ok» leo na kesho, maana namba iliwekwa baada ya hasara. Aongeze Spek.

Na mwambie jambo moja zaidi: wanamuziki wengi huuza wenyewe kwenye Bandcamp, duka la muziki la intaneti, ambako wanatakiwa kupakia faili lisilobanwa kwa hasara, na mnunuzi ndiye anayechagua FLAC au MP3. Sio kinga kamili, kwani mtu anaweza kupakia MP3 iliyovaa nguo za FLAC, lakini pesa inamfikia aliyepiga gitaa. Biashara ya flashi haimfikii.

SWALI. Niko Goma, Himbi. Nimenunua hedifoni za Bluetooth zenye kibandiko cha dhahabu cha Hi-Res, yaani sauti ya kiwango cha juu. Mbona FLAC zangu hazibadiliki?

JIBU. Kibandiko hicho, dada, kinahusu kifaa: kwamba kinaweza kufika kilohezi 40. Hakisemi lolote kuhusu faili. Na Bluetooth ya kawaida inaubana muziki upya, kwa hasara, kabla haujafika sikioni, hata kama umetoka kwenye faili bora duniani. Kama hedifoni zako zina tundu la waya, chomeka waya na usikilize wimbo uleule mara mbili, kwa sauti ya ukubwa uleule. Kama simu haina tundu, tafuta kiunganishi cha USB. Na kama baada ya hapo bado huoni tofauti, chukua mafaili ya kiwango cha CD, mega zinazobaki nunulia nyimbo nyingine.