Karata iliyopanda meli kwenda Berlin

Wengi tunaocheza mazingaombwe ya karata tunahangaikia vidole, mdomo tunauachia useme lolote. Utamsikia mtu: "Naichukua karata, naiweka juu, nakata." Ndugu yangu, tunaona! Sema kile ambacho macho hayakioni.

Mimi hapa Lindi natumia habari ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa ambaye mifupa yake ilichimbwa huku kwetu, maana kwa watu wa hapa haina haja ya utangulizi. Mtu anachagua karata, tuseme saba ya kopa. Naichana vipande, kona moja namkabidhi: "Shika mzee, hii ndiyo stakabadhi yako." Wakulima wa korosho hucheka hapo hapo, wanajua ilivyo kushika karatasi huku unasubiri hela. Kicheko hicho sikukiweka kama pambo. Watu wakicheka hawaangalii mikono, na kazi yangu kubwa naifanya sekunde hiyo.

Vipande vilivyobaki ndiyo mifupa. Nasimulia polepole: Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200, ikapakiwa melini. Nikitamka "melini" nafungua kiganja: hamna kitu. Mezani kuna bahasha iliyoandikwa Berlin, ipo pale tangu mwanzo. Mzee anaifungua mwenyewe. Saba ya kopa imeungwa, kama mjusi alivyoungwa akasimamishwa kwenye makumbusho kule, kimo mita 13 na ushei. Imekamilika isipokuwa kona moja, na kona anayo yeye.

Hapo nyamaza, tafadhali. Usiombe makofi. Hakosekani wa kuuliza, "Sasa huyo mjusi wetu anarudi lini?" Waache wabishane, wewe panga karata zako kwa mchezo unaofuata.

Kama huna kichekesho, uliza swali, ila liwe la mtu mmoja na la kumfanya afikiri: "Babu yako aliwahi kukusimulia habari hizi?" Atainua macho akutazame usoni. Ukiuliza umati mzima, nusu yao watabaki wanakodolea vidole.

Kwa mtu mzima, shikamoo itangulie karata. Na barazani kwa watu muombe mwenyeji kwanza, wapo wanaoziona karata ni kamari tu, hata zikiwa za kuchekeshea.

Kwa watoto fupisha: mjusi kapanda meli, basi. Ukianza na 1909 wameshakimbilia mpira.