Mazabodi Imeungua? Hebu Kwanza

Wasomaji wangu, mvua ikianza Nairobi stima inaanza kucheza, na stima ikicheza barua za laptopu zinaongezeka. Mwezi huu nimechagua saba. Kitu kimoja kimenisumbua roho nikizisoma, wengi wenu mmeambiwa "mazabodi imeungua" na mtu ambaye hakulegeza hata skrubu moja. Mazabodi, ile bodi kuu ya ndani inayobeba kila kitu, huungua kweli, sikatai, lakini kuna vitu vya bure vya kujaribu kabla hujakubali hiyo hukumu, na wacha tuanze na huyu kijana.

Swali: Fundi habari. Juzi usiku stima ilipotea ikarudi kama mara tatu hivi na laptopu ilikuwa kwa chaja. Asubuhi nabonyeza haiwaki, hakuna taa, hakuna feni, hakuna kitu. Nimeipeleka kwa fundi Luthuli, jamaa akaiangalia dakika mbili akasema mazabodi, nitoe 9,000. Hiyo ndo pesa yangu ya rent. Nifanye aje? (Mwanafunzi, Kahawa West)

Jibu: Kijana wangu usitoe hiyo pesa bado. Anza na ukuta. Chomeka chaja ya simu kwa hiyo soketi na kwa hiyo ekstensheni uone kama inachaji, kwa sababu nimeona watu wamelipa fundi na kumbe ni ekstensheni ndo ilikufa. Ukuta ukiwa sawa angalia chaja yenyewe. Chaja inakaa katikati ya ukuta na mashine, kwa hivyo stima ikirudi na nguvu nyingi yeye ndo hupokea kofi la kwanza, na mara nyingi hufa yeye mashine ikabaki nzima.

Tafuta mtu wa hosteli mwenye chaja kama yako uazime dakika tano. Lakini soma maandishi madogo kwanza! Mstari wa stima inayoingia utaandikwa 100 mpaka 240V, huo haukusumbui, Kenya tuko kwa 240V. Mstari wa stima inayotoka ndo wa kuangalia, nyingi ni 19V, 19.5V ama 20V. Volti zifanane na za chaja yako, alafu ampia zikiwa zaidi hakuna shida kwa sababu mashine inavuta tu ile inataka, lakini zikiwa chini itachaji polepole ama ikatae kabisa. Kichwa kuingia kwa tundu haimaanishi chaja ni yake.

Ikikataa bado, toa chaja, kama betri ni ya kutoka itoe pia, alafu finya swichi ya kuwasha ushikilie sekunde 30 bila kuachilia. Kuna stima kidogo hubaki ndani na inaweza kuifanya mashine igande, ukishikilia hivyo inaisha. Sasa rudisha chaja peke yake bila betri, washa. Kama betri iko ndani imefungwa, fanya hivyo hivyo tu bila kufungua, na baadhi ya Lenovo ThinkPad zina katundu kadogo chini ka kuingiza klipu ya karatasi kwa kazi hiyo hiyo.

Mpaka hapo hujatumia hata shilingi. Ikikataa yote ndo urudi kwa fundi, na si lazima huyo huyo. Mwambie achukue mita apime volti kwa kichwa cha chaja na kwa tundu la laptopu ukiwa umesimama hapo unaona, kwa sababu tundu likilegea ama likivunjika ndani linabadilishwa na bei yake haifiki popote karibu na mazabodi. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika ukimwomba akuonyeshe.

Swali: Dell yangu inaandika ati haitambui chaja, inawaka lakini betri haipandi na imekuwa mzito ajabu. Ni virusi? (Dada wa saluni, Umoja)

Jibu: Si virusi, dada. Chaja za Dell zile za kichwa cha mviringo zina kapini kembamba katikati, hako ndo huambia mashine "mimi ni chaja fulani ya wati fulani". Kakipinda ama waya wake ukikatika ndani, ama ukinunua chaja ya kuiga isiyo na hiyo habari, mashine inakataa kuchaji na inajipunguza mwendo isije ikavuta zaidi ya ile chaja inaweza. Angalia hako kapini na tochi, kama kamelala kanyooshe polepole sana na kibano. Alafu jaribu chaja nyingine ya Dell kabla ya kununua betri.

Swali: Inawaka, feni nasikia, taa ziko, lakini kioo ni giza totoro. Nimeambiwa kioo kimekufa na kipya ni pesa nyingi. (Baba wa watoto wawili, Kasarani)

Jibu: Mzee, kuna njia mbili za kujua. Zima taa za nyumba, washa laptopu, alafu mulika kioo na tochi ya simu ukiwa umeiinamisha kando. Ukiona picha hafifu sana kama kivuli, kioo kinachora lakini taa yake ya nyuma ndo imekufa, ama ule waya unaopita kwa bawaba umechoka kwa kufungua na kufunga kila siku. Ya pili, iunganishe na TV ya nyumbani na waya wa HDMI. TV ikionyesha, mashine ni nzima, shida iko kwa kioo ama waya wake. Hapo mwambie fundi aangalie waya kwanza.

TV nayo ikikaa giza, nashuku RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine. Kwa mashine za zamani kidogo, hizi za mtumba kutoka Uingereza ambazo wengi wetu tunazo, RAM iko chini ya kifuniko na inatoka kwa kusukuma vishikio viwili kando. Zima kabisa, toa betri, shika kitu cha chuma ili mwili utoe umeme tuli, toa RAM, sugua zile meno za dhahabu polepole na raba ya mwanafunzi, pangusa vumbi lake lote, rudisha mpaka usikie inaingia vizuri. Kama ni mbili washa na moja moja. Nimeona mashine zilizohukumiwa kifo zikiamka na raba ya shilingi 10. Ukilazimika kununua nyingine usichanganye RAM ya aina ya DDR3 na ya DDR4, hazina pengo mahali pamoja na haziingiliani. Zile laptopu nyembamba sana RAM yake imechomelewa kwa mazabodi kwa hivyo hiyo usifungue, wachia fundi.

Swali: Mtoto amemwaga chai ya maziwa kwa kibodi. Nimeiweka ndani ya mchele tangu jana, nitoe lini? (Mama, Rongai)

Jibu: Mama, itoe saa hii, na tafadhali usiiwashe. Mchele hauvuti maji kutoka ndani ya mashine, na unga wake unaingia kwa matundu. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kila mwezi kuna mtu anapoteza mashine hivi, si kwa chai, ni kwa kusubiri mchele na kuwasha-washa aone kama imepona.

Chai yetu si maji. Ina sukari na maziwa, na hata ikikauka kile kinachobaki kinapitisha stima na kinakula vile vinjia vya shaba pole pole, ndo unaona mashine imefanya kazi wiki mbili alafu ikafa ukashangaa. Kwa hivyo inatakiwa ifunguliwe, betri ichomolewe, isafishwe na spiriti ya asilimia 99 na brashi laini. Ile spiriti ya kawaida ya kuosha vidonda ina maji ndani, si hiyo. Kama huna ujuzi wa kufungua peleka kwa fundi, mwambie ukweli ni chai ya maziwa yenye sukari, usifiche, atajua pa kutafuta. Kibodi yenyewe huenda ukabadilisha, hiyo ni kawaida.

Na kwa yule ambaye chai itamwagika kesho: chomoa chaja, finya swichi mpaka izime kwa nguvu, kazi uliyokuwa hujasevu wachana nayo, toa betri kama inatoka, pindua laptopu isimame kama hema kibodi ikiangalia chini. Usipeperushe na mashine ya nywele, joto na upepo vinasukuma chai ndani zaidi.

Swali: Laptopu inalia tik-tik-tik na inachukua dakika kumi kuwaka. Nina rekodi zote za wanafunzi humo. Nifomati? (Mwalimu, Kayole)

Jibu: Mwalimu, hapana, usifomati, na usiiwashe tena mpaka umalize kusoma hapa. Huo mlio ni kichwa cha hadi diski kinatafuta pa kusoma kinakosa kinarudi, kinatafuta tena, na kila ukiwasha unaweza kuwa unakipunguzia siku. Andaa fleshi ama diski ya nje kwanza. Ukiwasha, nakili rekodi za wanafunzi tu, faili ndogo za maana, video na miziki baadaye kama itakuwa bado hai. Usiiambie Windows irekebishe diski, hiyo kazi inaisukuma diski nzima ikiwa mgonjwa. Na wale wanaosema uweke kwa friji wasikudanganye, maji yatashika ndani.

Ikishindwa kabisa kuonekana na hizo rekodi huna kwingine, usikubali mtu aifungue diski yenyewe kwa meza ya dukani. Vumbi kidogo tu kwa ile sahani ya ndani inayohifadhi kila kitu na yote yanaenda. Mimi nilipoteza hivyo picha za mwisho za nyanya yangu, fundi aliifungua mbele yangu nami nilikuwa sijui, na mpaka leo ndo maana naandika sana habari ya bekapu.

Ukishaokoa rekodi weka SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya inchi 2.5, inakaa pale pale ya zamani ilikuwa, na laptopu itakuwa kama nyingine kabisa. Lakini SSD ikifa haikulilii tik-tik, inaweza kuzima tu siku moja, kwa hivyo rekodi ziwe mahali pawili.

Swali: Ile sehemu ya kusongesha mshale imeinuka na haibonyezeki, nimekuwa nikiifinya chini na kitabu usiku. (Mhudumu wa saiba, Githurai)

Jibu: Acha kuifinya leo! Hiyo ni betri imevimba chini yake, gesi imejaa ndani ya betri hiyo ya lithiamu, na ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Izime, usiichaji tena, usiilale nayo kitandani, iweke juu ya sakafu ya simiti mbali na pazia mpaka fundi aitoe. Betri yenyewe usiitupe kwa takataka za ploti, kuna wanaokusanya taka za elektroniki kama WEEE Centre hapa Nairobi. Bila betri mashine nyingi zinafanya kazi na chaja tu ukisubiri kununua nyingine.

Swali: Kila nikiwasha saa imerudi miaka ya nyuma na tovuti zinakataa kufunguka. (Karani, Industrial Area)

Jibu: Ni kabetri kadogo ka mviringo ndani, mara nyingi CR2032 ya volti 3, kamekwisha. Brauza, ile programu unayofungulia tovuti, huangalia tarehe yako, ikiwa ni ya zamani inaona vyeti vya usalama vya tovuti kama havijaanza kufanya kazi ndo inakataa. Toa kako uende nako dukani, maana kwa laptopu nyingi kanakuja na waya na plagi ndogo, ukinunua kale ka uchi kasiko na waya hakatashika.