Sanduku la Wasomaji: Mto Mirongo, mawe ya Mwanza na ngoma za Bujora

Mwangaluka wasomaji. Toleo hili maswali karibu yote ni ya Mwanza, na mimi nimezaliwa Igogo nikakulia humuhumu, kwa hiyo nimeyasoma kwa furaha kweli. Tuanze.

SWALI: Habari dada. Nimehamia Mwanza kikazi toka Morogoro, nimepanga chumba Mabatini. Kila asubuhi navuka kidaraja, chini yanapita maji meusi, wenyeji wanasema ndo mto Mirongo, mimi nilidhani ni mtaro. Ni mto kweli? Na mbona mvua ya saa moja tu tunaanza kupandisha godoro juu ya meza? (Mgeni wa Mabatini)

JIBU: Karibu sana kaka, na pole kwa godoro. Ni mto. Mirongo unaanzia kwenye vilima vya mashariki, unapita hapo kwenu Mabatini, unakatiza mjini alafu unaingia Ziwa Victoria. Shida ni kwamba sisi watu wa Mwanza macho yetu yote yako ziwani, mgeni akija tunampeleka akapige picha na jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini, jioni tunampeleka Capripoint akale sato, hamna anayemshika mgeni mkono akamwonyeshe Mirongo, na kitu usichokionyesha kwa mgeni unaishia kukitupia takataka.

Sasa hayo mafuriko, simama hapo darajani uangalie juu. Milima yote hiyo ni mawe, na maji ya mvua yakipiga jiwe hayazami, yanateleza. Zamani katikati ya jiwe na jiwe kulikuwa na udongo na nyasi na vichaka, maji yanashikwashikwa njiani yanafika chini yamechoka, siku hizi kuna nyumba mpaka kileleni, bati juu ya bati, kwa hiyo yote yanashuka kwa mpigo mmoja na yanakuta mto umejaa chupa na mifuko na mchanga, yakikosa njia yanaingia kwako. Na kuna jambo tunalijua wote ila hatulisemi mezani: kule milimani kuchimba shimo la choo ni kazi maana chini ni mwamba, choo kinakuwa kifupi kinajaa mapema, basi wingu likitanda kuna watu wanatapisha vyoo vyao mvua ibebe. Inabeba kweli, inakuletea wewe wa bondeni, watoto wanaugua matumbo, afu inaenda ziwani, na ziwa ni hilihili tunalovuta maji ya bombani, mtambo mmojawapo si uko hapo Capripoint. Mimi hili linaniuma sana na nitalisema kila nikipewa nafasi. Nenda serikali ya mtaa uliza kuhusu mabomba ya majitaka ya milimani, kama hayajafika kwenu ombeni kwa maandishi tena muwe wengi, na nyie mnaokaa kingo za mto msisubiri masika ndo mkumbuke kuzoa taka.

SWALI: Mwanangu wa darasa la tatu kaniuliza nani aliyapanga mawe ya Mwanza. Nimemwambia Mungu, hajaridhika, anataka kujua kwa winchi gani. (Mama wa Nyasaka)

JIBU: Mama umemjibu vizuri, tumwongezee tu namna yalivyofanyika. Mawe yetu ni graniti, yana zaidi ya miaka bilioni 2, yalianza kama uji wa moto chini kabisa ya ardhi ukapoa ukawa mwamba mmoja mkubwa. Mwamba ukapata nyufa za kwenda juu na za kulala, kama tofali zilizopangwa, maji yakaingia kwenye nyufa yakaanza kuula taratibu. Chukua sabuni ya mche, kata kipande cha pembe nne, kiache kwenye beseni la maji, kesho mwonyeshe: pembe ndo zinaliwa kwanza, kipande kinakuwa cha mviringo. Ndo hivyohivyo. Afu udongo laini wa katikati ukasombwa na mvua miaka na miaka, yakabaki mawe yamebebana. Kwa hiyo mwambie hamna aliyeyapandisha, ni ardhi ndo iliyoshuka. Na ukimaliza somo mkataze yeye na babake kuchimba udongo chini ya jiwe ili wapate kiwanja, huo udongo ndo umelishikilia.

SWALI: Mwalimu anasema Speke aligundua ziwa letu. Babu anasema huo ni uongo. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Ilemela)

JIBU: Babu. Tarehe 3 Agosti 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika hapa Mwanza akaliona ziwa, hiyo ni kweli na ni vizuri uijue kwa ajili ya mtihani. Ila angalia alifikaje: alitoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwenzake Burton kabaki kule mgonjwa, na safarini alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani akapelekwa mpaka India. Waarabu wa Tabora ndo waliomweleza kwamba kuna ziwa kubwa huku. Wenyeji walikuwa wanavua na kulivuka kwa mitumbwi miaka yote hiyo na jina walikuwa nalo, Nyanza, hata jina la Mwanza wengi wanasema limetokana na hilo. Speke alichofanya ni kuliandika Victoria kwa heshima ya malkia wake. Alikisia pia kwamba ndo chanzo cha Nile, na 1862 akaenda kuona maji yanapotokea upande wa Jinja. Hapo alipatia. Andika hivyo kwenye mtihani, na babu msalimie.

SWALI: Kwanini panaitwa Makoroboi? (Dereva boda, Buzuruga)

JIBU: Mafundi wa pale walikuwa wanachukua makopo na vyuma chakavu wanatengeneza koroboi, vile vitaa vya mafuta ya taa. Umeme ukaenea, jina likabaki.

SWALI: Dada nataka kuja na familia toka Dar tuone ngoma za Wasukuma, sio za hotelini, zile zenyewe. Nije lini? (Baba Neema, Mbagala)

JIBU: Njoo Bujora wakati wa Bulabo, sherehe yetu ya ngoma. Inaendana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, mara nyingi inaangukia Juni, na bulabo kwa Kisukuma ni maua. Panda daladala ya Kisesa, barabara ya Musoma, ukishuka chukua boda mpaka makumbusho ya Bujora, ambayo yalianzishwa na Padri David Clement toka Kanada. Zione ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, kwanza kabla uwanja haujachangamka, maana baadaye hutopata nafasi.

Uwanjani kuna pande mbili za wachezaji ngoma, Bagika na Bagalu, ushindani wao ni wa tangu karne ya 19. Zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayeshinda ni mwenye watu wengi waliomzunguka, basi. Kwa hiyo kila upande unakuja na dawa yake ya mvuto na vituko vyake, utaona bugobogobo majembe yanarushwa hewani yanadakwa, utaona Bayeye, wale wacheza nyoka, wamejivika chatu shingoni, na umati unakimbia toka huku unaenda kule unarudi tena, mshike Neema mkono vizuri. Njaa ikiwabana tafuta michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa akina mama. Ukoo wetu sisi ni Bagalu, kwa hiyo mkisimama upande wetu mtakuwa mmetuongezea watu watatu.